Daftari la bibi, kutoka galoni hadi lita: shajara ya mradi

Jumamosi, 11 Januari 2025. Tulivyofika hapa

Naanza kuandika nikiwa bado na uchungu wa harusi ya Desemba. Mimi na dada yangu tunapikia watu shughuli hapa Moshi: harusi, kipaimara, mahafali, misiba. Mapishi yetu mengi yanatoka kwenye daftari la bibi mzaa mama, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa la mlowezi mmoja upande wa Kibosho. Daftari lina galoni, painti, wakia na ratili. Kurasa za nyuma, alizoandika baada ya kurudi nyumbani, zina debe, pishi na kibaba.

Harusi ilikuwa kubwa, ule wakati wa Desemba ambapo kila mtu amerudi nyumbani. Tuliagizwa juisi ya ukwaju na tangawizi. Bibi anaandika galoni 20 na sukari ratili moja kwa kila galoni. Nikauliza simu galoni ni lita ngapi, ikanijibu 3.785. Nikapima lita 75.7 za maji na kilo 9 na ushei za sukari, nikaridhika.

Juisi ikatoka tamu ya kukaba koo, na ikaisha kabla meza za nyuma hazijafikiwa. Mama wa bwana harusi aliingia jikoni, akatazama sufuria tupu, akasema, "Poleni na kazi, wanangu," akatoka. Angetugombeza ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo kila kipimo kwenye daftari hili nitakigeuza kuwa lita au mililita, kisha nitatengeneza vifaa vya kupimia ambavyo hata kijana tuliyemwajiri jana anaweza kuvitumia. Hatua rahisi nitazipita haraka. Nilipokosea nitaeleza kwa kirefu, maana ndipo fedha na muda vilipokwenda.

Jumamosi, 18 Januari. Galoni ipi?

Galoni ni mbili. Ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Kimarekani ni lita 3.785. Ya Kimarekani ni galoni ya mvinyo iliyowekwa na sheria ya Uingereza mwaka 1707, enzi za Malkia Anne, yenye inchi za ujazo 231. Wamarekani walibaki nayo. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824 wakaweka mpya: nafasi inayochukuliwa na ratili 10 za maji. Simu yangu ilinipa ya Marekani bila kusema ni ya Marekani.

Rudia hesabu ya harusi kwa galoni ya Kiingereza: 20 mara 4.546 ni lita 90.9. Tulipungukiwa lita 15, sawa na glasi 60 za robo lita. Na sukari iliyopaswa kuenea kwenye lita 91 tuliibana kwenye lita 76.

Ungeweza kusema basi, Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, galoni ni ya Kiingereza, yamekwisha. Lakini nilishabahatisha mara moja na sikutaka kubahatisha tena. Nikatafuta ushahidi ndani ya daftari. Ukurasa wa divai ya ndizi una mstari huu kwa penseli: "galoni = chupa 6". Chupa ya mvinyo ya kawaida ni ml 750. Sita ni lita 4.5, karibu kabisa na galoni ya Kiingereza. Za Kimarekani zingekuwa chupa tano.

Ushahidi wa pili ameushika bibi mwenyewe kila asubuhi. Nilipomuuliza painti yao ilikuwaje, alininyoshea kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichomenyeka rangi karibu na mkono. "Hii ndiyo painti, mjukuu wangu. Nilipewa nilipoacha kazi." Nikakijaza maji mpaka ukingoni nikakipima kwenye mizani, nikatoa uzito wa kikombe: gramu 571. Painti ya Kiingereza ni ml 568, ya Kimarekani ni ml 473. Hapo nililala usingizi.

Kosa la wiki hii. Baada ya kuona galoni na painti za Kiingereza ni kubwa kuliko za Kimarekani, nikaamini na wakia ya ujazo ni hivyohivyo. Nikaweka alama kwenye chupa ya vanila, nikaandika na kwenye jedwali. Sivyo. Wakia ya Kiingereza ni ml 28.4 na ya Kimarekani ni ml 29.6, yaani ya Kimarekani ndiyo kubwa kidogo. Sababu ni mgawanyo: painti ya Kiingereza ina wakia 20, ya Kimarekani ina 16. Nilifuta alama zote. Ukigeuza vipimo, geuza kila kimoja peke yake. Usikisie mtoto kwa kumtazama mama.

Jumamosi, 25 Januari. Jagi linadanganya

Nilinunua mizani ya kidijitali ya kilo 5 kwa shilingi 28,000 na jagi la plastiki la lita moja kwa shilingi 5,000. Njia ninayoifuata ni ya kupima maji kwa uzito. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 25 ina gramu 997, na hizo gramu 3 zinazokosekana hazina uzito jikoni kwetu. Kwa hiyo gramu moja ya maji ni mililita moja, na chombo chochote duniani unaweza kukijua ujazo wake kwa kukijaza maji na kukipima.

Kwanza nilihakikisha mizani yenyewe. Nilifunga jiwe kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda nalo kwa muuza nyama ambaye mizani yake ina chapa ya Wakala wa Vipimo. Kwake kilo 2.35, nyumbani kilo 2.35. Jiwe nimelihifadhi, kila mwezi nitalipima tena.

Kisha jagi. Mstari wa ml 500 ulishika gramu 462. Mstari wa lita moja ulishika gramu 948. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara nne, na kweli nilikuwa nakosea pia, kwa namna tatu. Mizani ilikuwa juu ya meza ya plastiki inayoyumba. Nilikuwa nasoma mstari nikiwa nimesimama, natazama kutoka juu, na ukitazama kutoka juu maji yanaonekana yamefika wakati bado. Na mara moja nilitumia maji yaliyobaki kwenye birika, ya moto. Maji ya moto yamevimba, hivyo kwa ujazo uleule yana uzito mdogo. Nikahamia sakafuni, maji ya bomba, nikipiga magoti macho yakiwa sawa na mstari, nikisoma chini ya ule mkunjo wa maji, si pale yanapopanda kwenye ukuta wa jagi. Namba zikatulia kwenye 481 na 967. Kwenye mstari wa ml 500 makosa yangu yalikuwa karibu nusu, kwenye wa lita moja zaidi kidogo ya theluthi. Yaliyobaki ni ya jagi.

Jagi hilo sasa ni la kumwagilia maua. Nilinunua jingine la shilingi 9,500, safari hii nikiwa na mizani kwenye mfuko, na muuzaji akanikubalia nilijaribu pale dukani. Mstari wa lita moja: gramu 996.

Jumamosi, 8 Februari. Mbuyuni: debe na sado

Kurasa za nyuma za daftari zinahitaji soko, si kikokotoo. Nilikwenda soko la Mbuyuni asubuhi mapema, kabla wachuuzi hawajazongwa na wateja.

Debe la asili ni lile bati la mraba la mafuta ya taa, lililobeba galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18.2. Bibi analo moja kuukuu analowekea majivu. Nililiosha nikalipima, likashika lita 18.4 mpaka ukingoni. Lakini debe linalotajwa sokoni leo ni ndoo ya plastiki ya lita 20. Niliyopewa kupima ilikuwa na lita 20 kwenye mduara ulioandikwa na lita 21.6 ukijaza mpaka mdomoni. Kwa hiyo bibi anapoandika "debe moja la ndizi zilizomenywa" kwenye mtori, na mimi nikachukua ndoo ya sasa na kuijaza mpaka mdomoni, nimeongeza ndizi lita tatu na zaidi. Mtori wetu umekuwa mzito miaka yote hii, na tulikuwa tunaulaumu moto.

Sado ni kopo la rangi la lita 4, kila mtu anajua. Nilipima matatu kwa ruhusa ya wenyewe. Jipya lilishika lita 4.3 mpaka ukingoni. La pili lita 4.2. La tatu, lililopigwa kitako kikaingia ndani, lilishika lita 3.7. Yote matatu bei moja.

Mama mmoja muuza maharage aliniangalia kwa muda, halafu akasema: "Dada yangu, unahangaika bure. Wewe unapima kopo, mimi nauza kilima." Akajaza sado, akaendelea kumimina mpaka maharage yakasimama kama kichuguu na mengine yakaporomoka mezani. Alikuwa sahihi kabisa. Nikanunua sado yake, nikaipima nyumbani: kilima peke yake kilikuwa na uzito wa kuvuruga hesabu.

Wazee walikuwa na neno la hili. Kibaba cha mfuto ni kile kilichopitishwa mkono juu kikawa sawa na ukingo. Cha tele ni kile chenye kilima. Nikarudi kwenye daftari na kulikuta: bibi kila mahali ameandika "mf." kando ya pishi na kibaba, na mimi nilidhani ni kifupi cha "mfano".

Jaribio la mahindi: ndoo ya lita 20 ya mfuto ilikuwa kilo 14.8. Yenye kilima, kilo 17.1. Ndiyo maana gunia la kilo 100 linaweza kuitwa la debe sita sokoni ilhali debe sita za mfuto haziwezi kufika kilo 100. Nimeamua jedwali letu litakuwa la mfuto tu, na nafaka zitapimwa kwa kilo.

Jumamosi, 15 Februari. Vikombe vya shangazi

Shangazi yupo Marekani na hututumia mapishi ya keki kwa sauti za WhatsApp. Keki yake ya ndizi imetushinda mara tano. Kikombe chake ni kipimo, ml 237, ambacho kwenye vifungashio vya chakula huko huhesabiwa 240. Kikombe cha dada ni kikombe cha chai, na kwenye mizani kilishika ml 310. Vikombe vitatu vya unga vikawa karibu vinne.

Vijiko nilivipima kwa bomba la sindano la ml 10 nililonunua duka la dawa kwa shilingi 500, bila sindano yake. Kijiko cha mezani cha mapishi ni ml 15. Cha kwetu cha kulia wali kilishika ml 10.5. Kijiko cha chai cha mapishi ni ml 5. Cha kwetu ml 3.5. Kwa hiyo unga ulizidi na bekingi pauda ikapungua. Keki ile haikuwa na pa kupitia.

Hata kikombe kilipokuwa sahihi, unga ulinitesa. Unga uliomwagiwa kikombeni kwa kijiko taratibu na kusawazishwa kwa kisu: gramu 124. Kikombe kilekile kikichota moja kwa moja kwenye mfuko na kugandamizwa: gramu 158. Hapa hakuna jedwali la ujazo litakalokuokoa. Vimiminika nimevigeuza kwa ml, unga kwa gramu. Keki ya sita iliumuka. Nilimtumia shangazi picha na akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Jumamosi, 22 Februari. Fimbo ya sufuria

Huwezi kupima lita 45 kwa jagi huku wageni wanafika. Mtu akikuita katikati unasahau umefika ya ngapi. Nilitaka fimbo unayosimamisha ndani ya sufuria kubwa na kusoma maji yamefika wapi, upande mmoja lita, upande wa pili galoni za bibi.

Fimbo ya kwanza niliifanyia hesabu. Kipenyo sentimita 50, nikatafuta eneo la duara, nikapata kwamba kila sentimita 5.1 ni lita 10. Nikachora mistari kwenye kipande cha mbao kwa rula, ikapendeza kweli. Nikajaza maji kwa jagi mpaka mstari wa 40. Jagi lilihesabu lita 35 na kidogo.

Niliketi na sufuria hiyo jioni nzima. Kwanza, nilipima kipenyo kwa nje, pamoja na ule ukingo uliokunjwa. Ndani, ukichukua wastani, ni sentimita 47. Sentimita tatu zinaonekana ndogo, lakini kipenyo kinajizidisha chenyewe kwenye hesabu ya eneo, hivyo kosa la asilimia 6 likawa la asilimia 13. Pili, kitako cha sufuria kimepinda kwenye kona, na kuta zinapanuka kuelekea juu. Mistari yenye nafasi sawa haiwezi kuwa sahihi chini na juu kwa pamoja.

Dawa yake ni kuacha hesabu na kuyauliza maji. Sufuria juu ya mafiga yaliyosawazishwa, mimina lita 5 zilizopimwa, subiri yatulie, simamisha fimbo katikati, weka alama. Lita 5 nyingine, alama nyingine. Ilichukua saa moja na nusu. Alama za chini zimeachana zaidi kuliko za juu, na ndivyo zinavyotakiwa.

Mbao nayo haikufaa. Ilinyonya maji, wino wa maka ukasambaa, na ikanuka vitunguu. Fundi mmoja wa mtaa wa Pasua, hapa Moshi, alinikatia vipande viwili vya aluminiamu kwa shilingi 8,000, na kuchonga alama kwa msumeno shilingi 5,000. Kila sufuria ina fimbo yake, na jina la sufuria limegongwa juu ya fimbo. Ukichanganya umerudi harusi ya Desemba.

Jumamosi, 8 Machi. Jedwali

Jedwali la kwanza nililichapa kwa fahari: galoni 4.54609, painti 0.56826, na safu ya pili ya mililita. Nikalifunga plastiki kwa shilingi 2,000. Siku hiyohiyo dada alisoma 4.546 kwenye safu ya lita na 4,546 kwenye safu ya mililita, akaniuliza kwa nini namba moja nimeiandika mara mbili. Niliona kijana wetu naye anatazama nukta na mkato bila kujua tofauti. Jikoni kuna moshi, mikono ina mafuta, hakuna mtu wa kuhesabu tarakimu baada ya nukta.

La pili lina namba moja tu kwa kila kipimo, na limekadiriwa. Galoni ya bibi: lita 4 na nusu. Painti: ml 570. Wakia ya maji: ml 28. Debe la bibi: lita 18. Ndoo ya sasa: lita 20. Kikombe cha shangazi: ml 240. Kijiko cha mezani: ml 15. Kijiko cha chai: ml 5. Ratili: gramu 450. Galoni na ratili zote zimepungua karibu asilimia moja, hivyo juisi haiharibiki. Kwa galoni 20 tunapoteza lita moja, na lita moja tunaijua tumeipoteza wapi.

Gharama mpaka leo: mizani 28,000, majagi mawili 14,500, bomba la sindano 500, kopo jipya la lita 4 shilingi 3,000, mbao 2,000, aluminiamu na fundi 13,000, maka 1,500, plastiki za majedwali 6,000. Jumla shilingi 68,500. Kati ya hizo 9,000 zilikwenda bure: jagi la kwanza, mbao, na jedwali la kwanza. Nakala ya pili ya jedwali iko mlangoni kwa bibi.

Jumamosi, 22 Machi. Jaribio

Mahafali ya kidato cha sita. Juisi ileile ya ukwaju na tangawizi, galoni 15. Kwenye fimbo ya kila sufuria kijana alijaza mpaka galoni saba na nusu bila kuuliza mtu. Sukari kilo 6.8. Dada alionja, akaonja tena, akanipa kata bila kusema. Ilikuwa juisi ya bibi, ule uchachu unaokuja nyuma ya utamu.

Ilitosha meza zote, ikabaki jagi moja na nusu.

Jumamosi, 5 Aprili. Pishi

Ukurasa wa mwisho ulikuwa unanisumbua. Pishi ni vibaba vinne, hilo bibi analijua kama jina lake, lakini chombo chenyewe hakipo tena. Nilimwomba apime kwa mkono.

Nilimpa lile kopo jipya la lita 4, tupu na safi, na ungo wa mchele mapajani. Alimimina polepole, akalitikisa mara moja, akapitisha kiganja juu ya mchele. "Hapo." Kilo 2.65. Nikaurudisha mchele kwenye ungo, tukanywa chai. Mara ya pili: kilo 2.71. Mara ya tatu, baada ya kusali na kupumzika: kilo 2.69. Mwanamke ambaye hajaishika pishi kwa miaka arobaini ametofautiana kwa gramu 60.

Mchele wa mara ya tatu niliumwaga kwenye jagi: lita 3.2. Nikaanza kuandika. Bibi akaniomba kopo na msumari, akaligeuza kuelekea dirishani aone vizuri, na pale vumbi la mchele lilipokuwa limeacha mstari ndani ya bati akakwaruza alama mwenyewe.